Madai yamerudi tena: kutafuta kosa kwenye misimbo ya magonjwa ya bandama

Rundo langu la kwanza la madai kurudishwa na bima halikuwa la upasuaji wala la dawa ghali. Lilikuwa la bandama. Karibu kila fomu ilikuwa na R16.1, msimbo wa bandama kubwa lisilotajwa chanzo, na mkono uliojaza ni wangu, kwa sababu kila faili lilikuwa na maneno "bandama limevimba", tena yamepigiwa mstari. Nilijiona nimeandika kile kile alichoandika daktari. Kumbe yeye alikuwa anaeleza alichokigusa kwa vidole, na mimi nikakigeuza kuwa ugonjwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika pembeni kila kosa la aina hii linalopita mezani, langu na la wenzangu wa kumbukumbu za afya. Hapa nimeyapanga kwa jinsi yanavyojionyesha: unaona nini kwenye skrini au kwenye barua ya bima, halafu kosa limejificha wapi. Naanza kila mara na linalotokea zaidi.

Nazungumzia ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, imeunda misimbo yake upya, kwa hiyo usichukue msimbo wa huku ukaupachika kule. Na ukikuta kitabu kinasema "wengu", ni bandama hilo hilo.

Ukoo wenyewe ni D73, na watoto wake ni hawa:

D73.0 – bandama lisilofanya kazi ipasavyo, likiwemo lililotolewa kwa upasuaji
D73.1 – bandama linalofanya kazi kupita kiasi na kuteketeza chembe za damu
D73.2 – bandama lililovimba kwa msongamano wa damu wa muda mrefu
D73.3 – jipu
D73.4 – kista
D73.5 – sehemu ya bandama kufa kwa kukosa damu, kupasuka bila jeraha, au kujisokota
D73.8 – mengineyo
D73.9 – ugonjwa wa bandama usiotajwa aina

Dalili: mfumo unakataa, "msimbo haupo"

Tazama kwanza kama umeweka tarakimu ya nne. D73 peke yake ni jina la ukoo, na mifumo mingi haitaipokea. Lakini usiwe na mkono mwepesi wa kuongeza ".0" au ".9" kila mahali: B54 (malaria isiyothibitishwa kwa kipimo) na D77 (bandama au damu kuathiriwa na ugonjwa mwingine) hazina tarakimu ya nne kabisa, na ukiandika B54.0 unakataliwa kwa kosa la upande wa pili.

Kama tarakimu zimetimia, tazama sifuri. Herufi O ikikaa mahali pa 0, jicho halitaiona hata usome mara tano. Futa msimbo wote uuandike upya, usihariri.

Sababu ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi siku hizi, nayo ni Google. Mtu anatafuta "msimbo wa kutolewa bandama", anapata Z90.81, anafurahi. Huo ni msimbo wa Marekani. Wamarekani wana toleo lao, ICD-10-CM, walilolianza kwenye hospitali zao Oktoba 1, 2015, na limerefushwa mpaka herufi na tarakimu saba. Kwenye bandama, dalili za msimbo wa Kimarekani ni hizi: tarakimu mbili au zaidi baada ya nukta pale ambapo sisi tuna moja (D73.81, D57.02, Q89.01), au X na herufi mwishoni (S36.00XA). Ukiuona wa namna hiyo, usikate tu mkia ukidhani kichwa kitabaki sahihi. Z90.81 ukiikata inakuwa Z90.8, na bandama halimo humo: orodha ya Shirika la Afya Duniani, chini ya Z90, inasema waziwazi kwamba bandama lililotolewa linapelekwa D73.0.

Hatari kuliko hiyo ni msimbo unaofanana pande zote mbili na maana tofauti. S36.00 kwa Wamarekani ni jeraha la bandama lisilotajwa aina. Kwetu tarakimu ya tano ni ya hiari, na 0 maana yake hakuna kidonda kilichofungua tumbo. Kikiwepo ni 1. Mfumo hautakataa hapo. Utapokea, na takwimu zako zitakuwa zinasema jambo ambalo hukukusudia.

Halafu kuna msalaba na nyota. Kwenye orodha utaona B65.1† na D77*. Alama hizo ni maelekezo kwako, nitazieleza mbele kidogo. Kwenye mifumo niliyoitumia mimi hazichapwi. Ukinakili msimbo pamoja na msalaba kutoka kwenye jedwali la kompyuta, unaweza hata kukuta umegeuka vikorokoro visivyosomeka.

Yote hayo yakiwa sawa na msimbo bado unakataliwa wakati kitabuni upo, basi jedwali lililopakiwa kwenye mfumo lina pengo. Hapo simama, mpigie mtu wa TEHAMA. Usichague msimbo wa jirani ili fomu ipite. Nimeona jipu la bandama likiingizwa kama kista kwa sababu D73.3 haikuwemo kwenye orodha ya kushuka, na mwaka mzima kituo kikaonekana hakijawahi kuwa na jipu la bandama hata moja.

Dalili: bima inaandika "utambuzi hauendani na matibabu"

Hapa ndipo penye kazi. Sababu inayoongoza kwa mbali ni ile ya rundo langu: R16.1, yaani bandama kubwa lisiloainishwa kwingine, imekaa mahali pa ugonjwa mkuu.

Misimbo ya R ni ya dalili na matokeo ya vipimo. Inatumika pale ambapo uchunguzi umefika mwisho na hakuna jina la ugonjwa lililopatikana. Bandama likivimba peke yake ni R16.1, ini na bandama pamoja ni R16.2, na watu wengi huandika R16.0 na R16.1 mbili mbili wakati R16.2 ipo kwa ajili hiyo hiyo. Ila swali la kwanza siyo ipi kati ya hizo. Swali ni: limevimba kwa nini, na je, jibu limo ndani ya faili?

Fungua faili lote, siyo karatasi ya juu. Angalia majibu ya maabara na karatasi ya dawa. Dawa husema ukweli ambao mwandiko umeuficha. Ila kumbuka dawa inakuonyesha pa kuuliza tu. Haikupi ruhusa ya kuandika ugonjwa. Jina la ugonjwa lazima liwe limeandikwa na tabibu mahali fulani.

Huku kanda ya ziwa natafuta kwa mpangilio huu.

*Malaria.* Kama tabibu ameandika malaria na ametibu malaria, ugonjwa mkuu ni malaria. Maabara ikitaja falsiparamu, aina mojawapo ya kimelea cha malaria, bila makali ni B50.9, kali isiyo ya ubongo ni B50.8, ya ubongo B50.0. Vimelea vimethibitishwa lakini aina haikutajwa, B53.8. B54 ibaki kwa malaria iliyotambuliwa kwa dalili tu bila kipimo. Siku hizi kipimo cha haraka kipo mpaka zahanati ya kijijini, kwa hiyo kituo kinachojaza B54 kila siku kinajishtaki chenyewe. Lipo pia bandama lile kubwa mno linalotokana na mwili kupambana na malaria kwa miaka, linaloshuka mpaka karibu na kitovu. Faharasa ina mtego hapo: ukitafuta bandama kubwa "la kitropiki" unapelekwa R16.1, ukitafuta "la malaria" unapelekwa kwenye malaria. Daktari ameandika neno gani? Fuata neno lake, na kama hulielewi, uliza.

*Kichocho cha tumbo.* Mvuvi wa Ukerewe, bandama kubwa, anatapika damu, kapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Ukiandika R16.1 na kutapika damu umeandika dalili mbili, ugonjwa umeuacha ziwani. Kichocho cha mansoni ni B65.1, na huo ndio wenye msalaba: chanzo. Nyota ni mahali ugonjwa ulipojitokeza, na haikai peke yake hata siku moja. Bandama lililokakamaa kwa kichocho linachukua D77 kama nyota; shinikizo la mshipa wa lango la ini litokanalo na kichocho, K77.0, mishipa ya umio iliyovimba na kuvuja damu kwa sababu hiyo, I98.3. Ukiona D77 imesimama peke yake kwenye ripoti, jua kuna aliyesahau nusu ya kazi. (Faharasa bado ina maneno "bandama la Kimisri" yanayoelekeza B65.1. Ukikutana nayo usishangae. Ni kichocho cha bonde la Nile.)

*Selimundu.* Mtoto wa siko seli aliyeletwa kwa kichomi cha mifupa au damu kujikusanya ghafla bandamani ni D57.0, aliyekuja kliniki akiwa mzima ni D57.1. Msimbo maalumu wa damu kujikusanya bandamani, D57.02, ni wa Wamarekani. Sisi tunabaki na D57.0. Mbebaji tu wa jeni, D57.3, hastahili kabisa kuingizwa humu, na bado huingizwa.

*Ini lililosinyaa.* Bandama likivimba kwa sababu damu imezibwa njiani na ini, D73.2 inafaa, lakini ini lenyewe lazima lipate msimbo wake.

*Kala azar.* Tanzania sijaiona kwenye faili hata moja, ila wenzetu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana wanaijua. Ni ugonjwa wa vimelea unaovimbisha bandama, na msimbo wake ni B55.0. Karatasi ya dawa yenye sindano za sodiamu stibogluconati na paromomisini kwa siku 17 haiwezi kuwa ya R16.1, na mkaguzi wa bima atakuuliza.

*Saratani za damu na mitoki.* Bandama kubwa sana la mtu mzima linaweza kuwa lukemia sugu ya mieloidi, C92.1. Kosa la hapa ni kuandika C26.1, saratani ya bandama. C26.1 haichukui limfoma, na limfoma zina mlango wake kuanzia C81.

Kanuni ya kuhamisha ugonjwa mkuu haikutungwa na mimi. Imo kwenye Juzuu ya 2 ya ICD-10, kanuni ya MB3: kilichoandikwa kama ugonjwa mkuu kikiwa ni dalili tu ya ugonjwa mwingine uliotambuliwa na kutibiwa, chagua huo mwingine. Soma vizuri hayo maneno mawili. *Uliotambuliwa. Na kutibiwa.* Kimoja kikikosekana, simama, rudisha faili kwa daktari.

Dalili: ripoti ya mwezi imejaa D73.1

Haipasplenizimu si ugonjwa wa kujaa kwenye ripoti ya hospitali ya wilaya. Ukiona nyingi, karibu kila mara kuna mtu amedhani haipasplenizimu na splenomegali ni majina mawili ya kitu kimoja. Splenomegali ni ukubwa tu. Haipasplenizimu ni tabia: bandama linakamata na kuharibu chembe za damu, mgonjwa anapungukiwa damu, chembe nyeupe au chembe sahani.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Chukua faili kumi za D73.1, tafuta majibu ya picha kamili ya damu. Kama hesabu za chembe hazijashuka, au kipimo hakikufanyika kabisa, umeshapata jibu la nani ameandika nini. Zikiwa zimeshuka bado si kazi yako kuamua, maana malaria, dawa na uboho navyo hushusha. Neno lenyewe lazima liwe la daktari.

Sababu nyingine, nadra kidogo, ni orodha ya kushuka kwenye kompyuta. Mtu anachapa herufi chache, mfumo unamletea la kwanza, anabonyeza. Nilimkuta kijana wa mafunzo akifanya hivyo kwa kasi ya ajabu, na sikuweza kumgombeza kwa sababu foleni ilikuwa imefika getini.

Dalili: mgonjwa aliyetolewa bandama ana misimbo mitatu tofauti katika mahudhurio matatu

Aliyetolewa kwa upasuaji: D73.0. Aliyezaliwa bila bandama: Q89.0. Z90.81 tumeshaizungumza. Bandama la selimundu lililosinyaa lenyewe kwa miaka nalo huangukia D73.0, ikiwa daktari ameliandika, huku D57 ikitangulia.

Kosa la ndani zaidi ni kumpa D73.0 siku ile ile ya upasuaji kama ugonjwa mkuu. Siku hiyo ugonjwa mkuu ni kile kilichosababisha litolewe. D73.0 ni hali anayotoka nayo na atakayoishi nayo, na usiiache kwenye mahudhurio yanayofuata hata kama amekuja kwa jambo jingine, kwa sababu mtu asiye na bandama akipata homa ni dharura. Vijidudu vinavyomezwa na bandama kwa mtu mwingine vinaweza kumuua huyu ndani ya saa chache.

Dalili: kupasuka kwa bandama, na bima inauliza "ajali au ugonjwa?"

Angalia kwanza kama kuna jeraha kwenye historia. Likiwepo ni S36.0, hata kama bandama lilipasuka siku kadhaa baada ya kipigo. Lisipokuwepo ni D73.5. Wengi huandika D73.5 kwa sababu imo kwenye ukoo wa bandama na ndiyo inayojitokeza kwanza ukitafuta.

S36.0 bila msimbo wa chanzo cha nje itarudi. Abiria wa bodaboda iliyogongana na gari barabarani ni V23.5, dereva wake V23.4; ikiteleza yenyewe na kuanguka unaingia V28. Kukanyagwa au kupigwa teke na ng'ombe ni W55. Kupigwa na mtu kwa ngumi au mateke, Y04. Hapa faili mara nyingi linasema "alianguka" na muuguzi wa mapokezi anajua habari nyingine. Usijaze Y04 kwa kusikia. Simama, mrudishie daktari, kwa sababu karatasi hiyo inaweza kuishia polisi na mahakamani.

Jambo la mwisho kwenye kupasuka ni B51.0. Maelezo yake yanasema malaria pamoja na kupasuka kwa bandama, na yanavutia kweli. Lakini B51 yote ni ya malaria ya vivaksi, aina nyingine ya kimelea, na kwetu falsiparamu ndiyo inayotawala. Kama maabara imeandika falsiparamu, B51.0 imekosewa hata kama bandama limepasuka mbele ya macho yako.

Madogo madogo

Kista: D73.4 ni sawa mpaka daktari ataje minyoo ya mbwa. Hapo unaingia B67, na kwa bandama ni B67.3 ikiwa minyoo hiyo ni ya aina ya granulosasi. Turkana wanalijua hili kuliko mtu yeyote.

D73.9 ikizidi moja au mbili kwa mwezi, tatizo haliko kwenye misimbo. Liko kwenye mwandiko, au kwenye altrasaundi iliyoharibika.

Ukiwa wewe ndiye mgonjwa

Kuna wanaopiga picha fomu yao na kutafuta msimbo mtandaoni usiku. Msimbo umeandikwa kwa ajili ya malipo na takwimu. Usijitibu kwa huo. Na yapo mambo ambayo hayangoji fomu: maumivu makali ya ubavu wa kushoto juu baada ya kuanguka au kupigwa, hasa yanayopanda mpaka bega la kushoto, mtoto wa selimundu aliyepauka ghafla na tumbo kujaa upande wa kushoto, homa kwa mtu aliyetolewa bandama. Nenda hospitali sasa hivi.

Namna ya kumuuliza daktari

Nimesema "rudisha kwa daktari" mara nyingi, na najua wengi hawarudishi kwa sababu wanaogopa kufokewa. Nami nilifokewa. Kilichosaidia ni kubadili swali. Zamani niliandika: "Dokta, naomba uandike malaria ili bima ilipe." Hilo ni kumwekea maneno mdomoni, na mkaguzi akilikuta ni kosa lako na lake. Sasa nabandika kikaratasi chenye mistari mitatu: "Umeandika bandama limevimba. Maabara ina jibu la tarehe hii, na dawa ulizoandika ni hizi. Je, chanzo cha uvimbe kimejulikana? Kama ndiyo, naomba ukiandike na kusaini. Kama bado, nitaacha R16.1." Kinarudi siku hiyo hiyo, mara nyingine na neno moja tu: "Kichocho."